Mapapai ya Mgonjwa wa Nandagala

Mama yangu alikuwa akiiba miche yangu iliyokufa. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa maneno ya upole zaidi nikashindwa, kwa hiyo acha likae hivyo. Alikuwa akiondoa miche niliyoiua kwa mikono yangu, anaweka mingine iliyo hai pale pale, na mimi kwa muda wa miezi sita nikaamini nimejifunza kazi.

Lakini nianze na mimi, kwa sababu mama hakuamka tu siku moja akaamua kunidanganya. Sababu nilimpa mimi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Nachingwea mjini kujifunza kusuka nywele kwenye saluni moja karibu na stendi. Nilikaa wiki saba. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, kila mtu alisema hivyo, ila nikimaliza kichwa lazima nione mstari mmoja uliopinda. Nafumua, naanza tena. Siku moja mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba aliinuka kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akasema, "Binti, mimi nina kipindi saa nane ya leo, siyo ya mwaka ujao." Saluni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nikaenda chooni kulia, na kesho yake sikurudi, wala siku nyingine yoyote.

Ikaja cherehani, nikaishia kwenye kola. Zikaja keki, ya pili ilizama katikati, nikamgawia jirani mpaka sufuria ya kuokea. Kikaja Kiingereza cha kwenye simu. Masomo yalikuwa arobaini, nikafika la tisa, nikalirudia la tisa mara sita kwa kuwa kila mara nilikosa swali moja, kisha nikafuta programu yote. Pale kwetu Nkowe wakanipa jina, Fundi wa Mwezi Mmoja. Watoto wa jirani walikuwa wakinipita njiani wanasema, "Shikamoo, Fundi wa Mwezi Mmoja," halafu wanakimbia.

Kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu ni kwamba sikuwa mvivu. Mvivu anaacha kwa sababu kazi inamchosha. Mimi naacha kwa sababu kosa la kwanza likitokea najisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mwili unapata joto, mikono inakuwa mizito, na nafsi inatafuta mlango. Mlango wangu ulikuwa simu. Naichukua "dakika moja tu", na humo ndani daima yupo mtu wa rika langu anayefanya jambo lile lile bila kukosea. Nikimtazama kwa saa mbili sina tena sababu ya kuendelea. Mama alikuwa akiniona. Mama anaona kila kitu, huku anapepeta.

Sasa habari ya mikorosho.

Bibi yangu, mama wa mama, alifariki akaacha mikorosho kumi kule Mtua, upande wa Nachingwea. Kwetu sisi mali ya upande wa mama husimamiwa na mjomba, kaka mkubwa wa mama, na mjomba anakaa huko huko Mtua. Mikorosho ile ilikuwa mizee, imerefuka hovyo, inazaa korosho za kuhesabika. Siku ya arobaini ya bibi, watu wakiwa wameshakula na majamvi bado yametandikwa, mjomba akasema ataing'oa yote alime ufuta. Hakuna aliyebisha. Mama alikuwa anaosha sinia, nikamwona ameacha kuosha.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mjomba, ising'olewe. Nitaibebesha."

Kubebesha ni hivi: unachukua kikonyo, yaani ncha changa ya mkorosho bora, unakichonga chini kama kabari, unakiingiza kwenye ufa uliopasua katika shina la mche mwingine, unafunga kwa utepe wa nailoni. Vikishikana, mche wa kawaida unakuwa mkorosho bora. Hata mkorosho mzee unaweza kukatwa ukabaki kisiki, ukaacha uchipue, ukabebesha yale machipukizi, na mti ukaanza ujana wake upya. Haya nilikuwa nimeyaona kwenye simu. Mikono yangu ilikuwa haijawahi kugusa kikonyo hata kimoja.

Mjomba alinitazama, akamtazama mama, akacheka kwa pua. "Wewe, mpwa wangu? Kazi hii inataka siku ishirini na moja kuona kama imeshika. Wewe ishirini na moja umezimalizia wapi?"

Watu wakacheka. Akaendelea, sasa bila mzaha. "Haya. Korosho za mwaka huu zikimalizika nitakuja Nkowe. Nionyeshe miche sitini, arobaini iwe imeshika. Ikishika, naikata miti ya mama, machipukizi yake ni yako. Isiposhika, nalima ufuta wangu na hakuna wa kuniuliza."

Ndivyo ilivyokuwa. Miti ya bibi ilining'inia kwenye mikono yangu, mikono ambayo haijawahi kumaliza kola.

Mama akaniambia twende Nandagala, kuna bwana ana kitalu kikubwa, anajua kazi ile tangu zamani, angenifundisha kwa wiki moja. Nilikataa. Nilisema ninajifunza vizuri zaidi peke yangu. Huo haukuwa uongo wote. Lakini ukweli wote ni kwamba nilijua atanitazama nikikosea, na nilikuwa tayari kushindwa peke yangu kuliko kufaulu mbele ya mtu.

Nikajipangia utaratibu. Asubuhi, baada ya kufagia, simu niliizima na kuifukia kwenye debe la mtama. Siyo kuiweka juu, kuifukia, ili nikiitaka nichafuke mkono na nipate muda wa kuona aibu. Kisha nachonga. Kabla ya kugusa mkorosho nilichonga vijiti vya mpera, mia kwa siku, kabari baada ya kabari, mpaka pande mbili zikawa laini kama kucha. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Nilichapwa sana kwa ajili yake madrasa, na kula ninakula kwa kulia, lakini kisu hakikukubali kuhama. Wiki ya kwanza kichwa kilikuwa kama banda la kuku. Kila baada ya kabari tatu nilitazama debe. Wiki ya pili nilitazama mara chache. Wiki ya tatu, siku moja, mama aliniletea chai nikaikuta baadaye imepoa ina utando juu, na sikukumbuka ilikuja saa ngapi. Nilikaa nikaitazama ile chai. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kusahau chai kwa sababu ya kazi.

Miche mitano ya kwanza ya kweli niliiua. Niliibebesha, nikaivisha vifuko vyembamba vya barafu ili isikauke, na siku ya nne nikashindwa kuvumilia. Nikavua kifuko kimoja kuangalia. Nikalegeza utepe kidogo kuangalia zaidi. Nikaangalia yote mitano. Ikawa myeusi yote.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo naliona kama jambo la akili kuliko yote niliyofanya. Nilimwambia mama, "Mama, mimi siwezi kujizuia. Nikiingia kitaluni nitafungua. Naomba wewe ndiye uingie. Umwagilie, uniambie siku ikifika. Mimi nitakaa nje ya uzio."

Mama akanitazama. "Na ukiniomba nikufungulie?"

"Usikubali."

"Ukilia?"

"Hata nikilia, mama."

"Haya," akasema. "Mimi mlinzi wako."

Nikabebesha miche sitini, kwa mafungu matatu, juma baada ya juma. Kila kiriba, yaani kifuko cha udongo cha mche, nilikichomekea kibao cha plastiki nilichokata kwenye dumu, nimekiandika namba. Mama akaihamishia ndani ya uzio, chini ya kivuli cha nyasi, akafunga mlango wa mabanzi kwa kamba.

Katika majuma hayo mama alianza kwenda Nandagala kila Jumamosi. Alisema kuna mgonjwa, jamaa wa mbali wa marehemu baba, amelala tu, hana wa kumfulia. Anapanda bodaboda asubuhi na tenga lake, anarudi alasiri amechoka, kanga imejaa udongo. Nilimwonea huruma. Nyuma ya nyumba tuna mpapai mmoja unaozaa matamu sana, nikawa nachuma mawili yaliyoiva vizuri nayafunga kwenye gazeti. "Mpelekee mgonjwa. Mwambie namwombea." Mama alikuwa akiyapokea bila kunitazama usoni. Nilidhani ni uchovu.

Siku ya ishirini na moja ya fungu la kwanza aliniita. "Njoo uone."

Niliingia nimejifunika mdomo kwa mkono. Akavua kifuko cha kwanza. Majani mawili mekundu-mekundu, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Cha pili, majani. Cha tatu kilikuwa kimekufa, na cha nne majani tena. Kati ya ishirini ilishika kumi na sita. Nilipiga magoti kwenye matope nikalia, na mama akanishika kichwa. Niliandika kwenye daftari langu siku ile: *Kumbe nikitulia naweza.*

Nimelisoma neno hilo mara nyingi tangu wakati ule. Niliishi juu yake miezi mingi. Niliamka nalo. Wale watoto wa jirani wakinisalimia kwa jina lile nilikuwa naitikia "Marahaba" kwa raha kabisa.

Mjomba alikuja korosho zilipomalizika. Nikamwamkia, akaingia kitaluni akahesabu kwa kidole, polepole, mara mbili. Arobaini na saba. Akasimama, akakuna kidevu. "Basi mimi nimeshindwa," akasema, akacheka kicheko cha kweli. Alichukua thelathini na mitano kwenda kuziba mapengo shambani kwake, na wiki iliyofuata tukaenda Mtua, mimi na mama, kukata miti ya bibi.

Alimwita mtu mwenye msumeno wa mashine. Mti wa kwanza ulipolala, vumbi la mbao likatufunika miguu. Mjomba akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Hii mama aliipanda mimi nikiwa mgongoni." Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amesimama kando, ameshika ncha ya kanga mdomoni, anatazama chini. Nikafikiri anamkumbuka mama yake. Mti wa pili ukalala, wa tatu, mpaka wa kumi. Mama alikuwa na nafasi kumi za kufungua mdomo.

Vile visiki vilichipua vizuri. Mwezi wa nne nikahamia kwa mjomba nikabebesha machipukizi hamsini, matano kila kisiki. Sijawahi kufanya kazi kwa utulivu kama ule. Kila kabari niliichonga nikaichonga tena mpaka ikanyooka kabisa, nikaifuta kwa kitambaa safi, nikaitazama juani, ndipo nikaiingiza. Hamsini zilinichukua siku nne. Simu ilikuwa kwenye begi na sikuikumbuka. Kisha nikakaa siku ishirini na moja bila kugusa, na safari hii hapakuwa na mlinzi, nilijilinda mwenyewe. Nilijivunia hilo kuliko yote.

Siku ilipofika nilikwenda na mjomba. Kifuko cha kwanza nilichovua kilikuwa na kikonyo cheusi kama kijiti cha kiberiti kilichoungua. Cha pili hivyo hivyo. Nikahamia kisiki kingine. Mjomba alikuwa nyuma yangu anahesabu kwa sauti ndogo. Tulipofika thelathini akaacha kuhesabu. Mimi nilifika hamsini.

Hakunikaripia. Angenikaripia ingekuwa nafuu. Alisema, "Kwenu Nkowe miche inakujua. Huku haikujui." Kisha akaenda akakaa kwenye kisiki kimojawapo, mtu mzima, mikono magotini. "Vitachipua tena," akasema. "Mara moja tena nitakuangalia. Baada ya hapo natifua, mpwa wangu, usije ukanichukia."

Nilirudi Nkowe siku ile ile. Nilikuwa na uhakika kwamba ipo hatua niliyoisahau, kitu kimoja nilichofanya kwenye ile arobaini na saba na sikukifanya Mtua. Ilikuwa imebaki miche kumi na miwili nyumbani, bado imefungwa utepe. Mjomba alikuwa ameufungua utepe wa miche yake wakati wa kupanda. Mimi wa miche yangu niliogopa kuufungua nisije nikaharibu, mpaka ulikuwa umeanza kuuma gome. Nikaitoa yote kumi na miwili uani, nikakaa chini nikaanza kuichunguza, mmoja mmoja.

Nilikuwa na mche wa saba mkononi nilipoona.

Nikifunga, kwa vile natumia mkono wa kushoto, utepe wangu hupanda ukielekea kushoto. Hauwezi kupanda vinginevyo. Utepe wa ule mche ulipanda ukielekea kulia. Nikarudi kwa wa sita. Kulia. Wa tano, kulia. Niliipanga kumi na miwili yote mbele yangu, vibao vyangu vya plastiki vimechomekwa humo, namba kwa mwandiko wangu, na kila mmoja ulikuwa umefungwa na mkono wa mtu mwingine.

Kinachoniuma hapa ni kwamba mimi ndiye mtu anayeona mstari mmoja uliopinda kwenye kichwa cha mwalimu. Naona nukta iliyokaa vibaya. Miche ile niliishika kwa miezi, nikaigeuza, nikaipiga picha, na sikuona utepe. Nilikuwa natazama majani tu.

Mama alikuwa jikoni anachambua mbaazi. Nikaweka mche mmoja mbele yake, juu ya ungo, kwenye mbaazi.

"Nani amefunga huu?"

Hakuuliza nina maana gani. Aliendelea kuchambua kidogo, kama mtu anayemalizia sentensi, kisha akaacha.

"Yule bwana wa Nandagala," akasema.

"Mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mwanangu."

Akanieleza yote bila kulia, kwa sauti yake ya kila siku. Wiki ya kwanza ya ulinzi wake alivua kifuko akaona vikonyo vinageuka vyeusi. Akaona nitaacha. Akaenda Nandagala akamweleza yule bwana, na kila Jumamosi akawa anamjazia viriba udongo kutwa nzima, naye anampa miche iliyoshika. Analeta kwenye tenga, amefunika kwa kanga, anatoa yangu anaweka ile, anahamisha vibao.

"Mingapi ilikuwa yangu?"

"Minne. Mjomba wako aliichukua pamoja na mingine, sijui ni ipi."

"Mama, ulisimama pale. Miti inakatwa. Umesimama pale."

"Nilidhani mpaka wakati huo utakuwa umeshajua kazi." Akaushika ule mche akauondoa kwenye mbaazi zake. "Ulikuwa umekaa miezi mitatu. Wewe! Miezi mitatu, simu iko kwenye mtama. Nilikuwa nakuangalia kupitia hapa dirishani, nikasema, Mungu wangu, huyu mtoto ametulia. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ningekuja nikuambie yote imekufa?"

"Ndiyo."

"Ungeacha."

"Labda nisingeacha."

"Ungeacha," akasema. "Nakujua."

Hapo ndipo hasa niliposalitiwa. Miche haikuniuma kama hilo. Hata kumwombea dua mtu asiyekuwepo, na kumchagulia mapapai, hakukuniuma hivyo. Ni kwamba mtu pekee niliyemkabidhi mlango alikuwa ameshaamua mimi ni nani, na akanijengea uongo wa kutosha kukaa humo kwa raha. Na baya zaidi ni kwamba simwezi kwa hoja. Huenda alisema kweli. Sitajua kamwe kama ningeacha. Jaribio lile lilikuwa langu, na amelitumia yeye.

Nikaanza kutilia shaka hata ile chai iliyopoa. Nilijiuliza kama utulivu wangu ulikuwa wangu, au ulikuwa majani ya mtu mwingine tu. Siku tatu sikuzungumza naye zaidi ya salamu. Ya nne nilikwenda Nandagala.

Nilimtarajia mzee mpole. Nilikuta bwana mwenye kitambi, kofia ya mpira, redio ya simu imechomekwa mfuko wa shati inapiga kelele za mechi, na mikono inabebesha bila yeye kuitazama. Nikamwamkia. Akaniangalia, akaangalia mkono ulioshika mkoba.

"Wa kushoto," akasema. "Ndiye wewe wa mapapai!"

Nilitaka kugeuka nirudi. Joto lile lilikuja, mikono ikawa mizito. Nikabaki nimesimama kwa sababu bodaboda aliyenileta alikuwa ameshaondoka, huo ndio ukweli.

"Mapapai matamu yale," akaendelea. "Nilimwambia mama yako, mlete binti, akasema hapendi kutazamwa. Mimi nikasema basi apofushe dunia. Keti. Bebesha, nione."

Nilichonga kabari. Nikaitazama, nikaichonga tena upande mmoja, nikaichonga tena, nikaifuta. Yeye alikuwa anabishana na mwenzake kwenye simu kuhusu mlinda mlango. Akakatiza.

"Hebu, hebu. Wewe unabebesha au unachonga kinyago? Kama ni kinyago kuna Wamakonde watakununulia." Vijana wake wawili waliokuwa wanajaza viriba wakaangua kicheko. Akaninyang'anya kikonyo. "Gusa hapa. Pamekauka. Utomvu wote umeuachia kitambaa. Kata mara moja, kushoto, kulia, ingiza. Mbaya iwe mbaya, lakini iwe mbichi."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Vikonyo vyangu hamsini vya Mtua nilivichonga vizuri mpaka vikafa. Kama mama angeniachia zile maiti za mwanzo, ningeweza kuzileta hapa miezi sita kabla, wakati miti ya bibi bado imesimama. Labda. Au ningezifukia na kurudi kwenye simu. Yote mawili ninayaamini, inategemea nimeamkaje.

Nilikwenda Nandagala kila siku kwa muda wa majuma matatu, nikachekwa kila siku. Sikuzoea, kila kicheko kiliunguza kama cha kwanza. Nilichojifunza ni kuungua huku mkono unaendelea. Yule bwana hakunipongeza hata mara moja. Siku ya mwisho alisema tu, "Mwambie mama yako viriba vimeisha kujazwa, asije tena."

Visiki vya Mtua vimechipua tena. Mjomba amenipa mpaka mvua za kwanza. Kabla ya kwenda, nimebebesha miche ishirini hapa nyumbani kujipima, ndani ya uzio ule ule. Safari hii namwagilia mwenyewe. Na nimefanya jambo ninaloona haya kuliandika: kila jioni nafunga uzi mweusi mwembamba kwenye mlango wa mabanzi, chini karibu na ardhi, ili nijue kama kuna aliyeingia. Namtegea mama yangu mtego, kama panya. Tunakula pamoja, tunacheka mambo ya jirani, nampa maji anawe, kisha natoka nakwenda kufunga uzi.

Siku ya kumi na tisa asubuhi nilikuta uzi umekatika.

Sikuingia. Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anapuliza moto, akanisikia bila kugeuka.

"Nimeingia," akasema. "Sikugusa kitu. Nimetazama tu."

Akaendelea kupuliza, moshi ukamwingia machoni, akajifuta kwa kiganja. Kisha akageuka akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbaazi, na nikaona jinsi jambo hilo lilivyomgharimu.

"Saba imekufa," akasema.

Nilisubiri aongeze neno. Kwamba si neno, kwamba kumi na mitatu si haba. Hakuongeza. Akaweka sufuria ya chai motoni.

Nikatoka, nikaufungua mlango, nikachuchumaa kwenye kiriba cha kwanza na kuanza kuhesabu mwenyewe, huku nikitazama kila utepe umepanda kuelekea wapi.